Kuna Msiba Wapi, Bibi?

Mwaka 2021 presha yangu ilikataa kushuka. Vidonge nilikuwa nameza, chumvi nilishaipunguza mpaka mlenda ukawa hauna maana mdomoni, lakini kila nikienda kliniki mashine inasoma yaleyale. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, akafunga faili akaniuliza, "Mama, unatembea?" Nikamjibu natembea, hata hapo nimekuja kwa miguu. Akacheka. Kisha akaniandikia kwenye daftari, kwa mwandiko ambao ni mtu aliyekaa wodini miaka 34 tu kama mimi anaweza kuusoma: dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Ukijumlisha unapata dakika 150, kiwango kilekile ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima, wazee tukiwamo. Maneno hayo nimewaambia wagonjwa mara zisizo na idadi. Nenda mama, fanya mazoezi, tembea. Wala sikuwahi kujiuliza wanatembea kwenda wapi.

Anayeijua Tabora atanielewa. Mama wa miaka 64, kajifunga kitenge chake vizuri, anatoka nyumbani Cheyo saa kumi na mbili asubuhi, mikono mitupu. Hana kapu, hana jembe, na misa si siku yake. Hajamaliza hatua ishirini: "Shikamoo bibi. Kuna msiba wapi?" Marahaba, hakuna msiba, natembea tu. Sasa hilo "natembea tu" ndilo lililoniponza. Mtu mzima hatembei tu. Mtu mzima anakwenda mahali. Siku ya pili mama muuza maandazi aliacha karai lake motoni akaja kunishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu nyumbani. Siku ya nne mwanangu akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Ameambiwa mama yake anazurura alfajiri. Je, kichwa kiko salama?

Wiki ya pili nikaacha. Nikarudi kwenye kiti changu cha barazani, nikawa natazama watu wenye sababu wakipita.

Nasimulia haya kwa sababu naulizwa sana, hasa na wastaafu wenzangu, kwa nini nafuga mbwa, tena wa kuokota, na kama kweli ana faida yoyote kwa mtu wa umri wangu. Faida zipo, nitazisema. Ila ile kubwa kuliko zote ni ya kuchekesha kidogo: alinipa jibu la kuwapa watu njiani.

Kwanza niseme ukweli. Mbwa sikuwapenda, na chuki yangu ilikuwa na tarehe.

Mwaka 1987 nilikuwa nesi kijana katika hospitali moja ya wilaya. Akaletwa mtoto wa miaka kama saba. Baba yake alisema ni malaria imepanda kichwani. Mtoto alikuwa na kiu. Akaomba maji, nikamletea kwenye kikombe cha bati, na kikombe kilipokaribia mdomo koo likambana, mwili mzima ukaruka, maji yote yakamwagika kwenye gauni langu jeupe. Akatulia, akaomba tena. Yakawa yaleyale. Nikamuuliza mama yake kama mtoto aliwahi kung'atwa na mbwa. Alifikiri sana. Akasema ndiyo, kitoto cha mbwa cha jirani kilimng'ata mguuni wakati wa mavuno, kidonda kidogo tu, wakapaka majani, kikapona. Ilikuwa imepita kama miezi miwili.

Kichaa cha mbwa ndivyo kilivyo. Kirusi kinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, wiki kadhaa au miezi, huku kidonda kimeshafunga na watu wamesahau. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mtoto yule alikufa siku ya tatu. Mama yake, wakati wa kufunga mizigo, aliniuliza swali moja tu: kwa nini nilimnyima mwanawe maji.

Nilimweleza. Sidhani kama alinisikia, na mimi nisingesikia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kuokoka kwake kulihitaji vitu vidogo mno: kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu kuwahi sindano za kinga. Sindano hizo si jambo la jana. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister, wa miaka 9, Julai 1885. Hiyo ni miaka 102 kabla ya mtoto wangu wa wodini.

Tangu pale nikimwona mbwa, nilikuwa navuka barabara.

Sasa twende stesheni. Marehemu mume wangu alikuwa gadi wa treni, na Tabora ndipo njia panda. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na baadaye ikaja ile ya Mwanza. Binti yangu ameolewa Kigoma. Mimi humpelekea asali na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yeye hunirudishia dagaa na mawese, na mizigo yote hiyo inapita kwa treni, kwa watu wanaomkumbuka baba yake. Kwa hiyo stesheni naijua kama jiko langu. Penye njia panda ya reli pana abiria wa kusubiri, penye abiria wa kusubiri pana makombo, na penye makombo pana mbwa.

Siku hiyo niliketi nikisubiri mtu wa kunipokelea ndoo ya asali. Kulikuwa na mbwa jike upande wa pili wa reli, rangi ya udongo, sikio la kushoto limechanika. Wachukuzi walimwita Behewa, kwa sababu alikuwa analala chini ya behewa bovu lililoegeshwa pale. Alikuwa na kidonda pajani. Nasema kweli, macho yangu yaliona kidonda kabla hayajamwona mbwa. Kidonda kilikuwa kinatembea. Kilikuwa na funza.

Nikaondoka. Usiku sikulala vizuri. Nesi anaweza kupewa barua ya kustaafu, cheti, na shuka la kuagwa, lakini kidonda chenye funza hakisomi barua.

Kesho yake nikarudi na ukoko wa ugali uliochovywa kwenye supu ya dagaa. Sikumsogelea. Nilimtupia kwa mbali, nikakaa kwenye benchi nikatazama pembeni, maana mnyama mwenye maumivu ukimkazia macho anaona unataka ugomvi. Akala akaondoka. Siku ya pili hivyohivyo. Na hapa ndipo nilipogundua kitu. Nikiwa njiani, swali likaja kama kawaida: "Bibi, unaenda wapi saa hizi?" Nikajibu, "Stesheni." Basi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Stesheni ni mahali. Nilitembea siku kumi na moja mfululizo, kwenda na kurudi chini ya miembe, bila mtu yeyote kupiga simu Dar es Salaam.

Siku ya kumi na mbili Behewa akanifuata mpaka nyumbani. Hakuingia. Alilala nje ya lango, kichwa juu ya miguu ya mbele, kama abiria aliyekosa tiketi lakini hajakata tamaa.

Hapa niwatahadharishe wenzangu wenye huruma ya haraka. Mbwa wa mitaani habebwi kama kifaranga. Nilimwita bwana mifugo kabla sijamgusa. Alikuja na pikipiki yake na boksi la barafu, tukamfunga mdomo kwa kitambaa, akapata chanjo ya kichaa, dawa ya minyoo, na sindano ya aivamektini kwa ajili ya upele. Kidonda nilikisafisha mwenyewe, nikatoa funza mmojammoja kwa koleo. Alitetemeka lakini hakujaribu kuniuma. Pamoja na hayo nilimtenga wiki kadhaa nyuma ya nyumba, kwa kamba, na nikapiga marufuku watoto wa mtaa kumgusa, kwa sababu chanjo haimtibu mbwa aliyekwisha kuambukizwa na kirusi kinaweza kujificha muda mrefu. Kila asubuhi nilimchunguza: anakula? anameza? ute unamtoka? sauti imebadilika? Niliandika kwenye daftari kama chati ya wodi. Sikuwa nimeandika chati tangu mwaka 2017.

Bwana mifugo alimfungua mdomo akasoma meno yaliyolika. "Huyu ana miaka mitano, labda sita," akasema. "Mtu mzima mwenzako, mama." Nikafurahi. Miaka mitano ya mbwa ni utu uzima wenye akili zake.

Maana wanangu, waliposikia nimeamua, walitaka kuninunulia kitoto cha mbwa. Wa Kijerumani, yule mwenye masikio yaliyosimama. Nikakataa. Kitoto cha mbwa kinalia usiku, kinatafuna viatu, kinajisaidia popote, kinataka kukimbia na mtu mwenye magoti mazima. Na kikitunzwa vizuri kinaishi miaka kumi na miwili, hata zaidi. Mimi nilikuwa na miaka 64. Kitoto kile kingenizika. Mbwa mtu mzima ameshamaliza utundu, tabia yake unaiona siku ya kwanza, haji kukushtukiza. Kama ni mkali utajua. Kama anapenda kulala mchana, utalala naye mchana. Anayezeeka achukue anayezeeka; mwendo wao ni mmoja.

Baadaye alifungwa kizazi, maana jike huingia joto mara mbili kwa mwaka na mimba yake ni siku 63 tu, na mimi sikuwa na mpango wa kuanzisha wodi ya wazazi barazani.

Jambo la jirani nilitaka kulipita haraka, lakini haliwezekani. Ukuta wangu mmoja ni wa familia ya Kiislamu, watu wazuri, tumezikana na kuozana miaka thelathini. Mimi ni Mkatoliki. Kuleta mbwa upande wangu ni jambo linalowahusu na wao, kwa sababu mate ya mbwa kwao ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilikwenda kuongea kabla ya kumwingiza uani. Baba mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye elimu ya dini pale, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mbwa wa ulinzi si tatizo, wa mifugo na wa kuwinda vilevile. Tatizo ni mbwa asiyejua mipaka. Kisha, bila mimi kuuliza, akanisimulia ile hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha, naye akasamehewa dhambi zake.

Nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa nakifikiria kikombe cha bati.

Tukakubaliana. Behewa hapiti barazani kwao, bakuli lake halisogei karibu na vyombo, na saa za watu kwenda msikitini hafunguliwi. Ameyashika masharti hayo kuliko wajukuu zangu. Miezi mitatu baadaye kicheche kilikuwa kinamaliza kuku wa jirani, na usiku mmoja Behewa alibweka mpaka mtaa mzima ukaamka. Kicheche kikaruka ukuta bila kuku. Asubuhi mama wa nyumba ile akanipa bakuli la vichwa vya samaki juu ya ukuta. "Mpe yule mgeni wako," akasema. Mpaka leo hamtaji kwa jina. Anamwita mgeni.

Jina lenyewe nilitaka kulibadilisha, nikaona si haki. Ila nawashauri: msimpe mbwa jina la mtu. Kwetu huo ni ugomvi mnauleta nyumbani kwa hiari. Afadhali Behewa.

Turudi kwenye afya, maana ndiko nilikoanzia. Mimi ni mtu wa kusoma, na intaneti ya simu imenirudisha shule. Mwaka 1980 huko Marekani Erika Friedmann na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia wagonjwa 92 waliolazwa kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka mmoja baada ya kutoka hospitali, kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walikufa 3. Kati ya 39 wasio na mnyama walikufa 11. Mwaka 2017 Waswidi wakaja na hesabu kubwa zaidi, watu milioni 3.4 wa miaka 40 hadi 80, wakaona wanaoishi peke yao na mbwa wana hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 33 kuliko wanaoishi peke yao bila mbwa.

Hesabu hizo sizikatai. Ila nimekaa hospitali vya kutosha kujua kwamba mtu anayeweza kumtembeza mbwa kwenye theluji ya Uswidi alikuwa na nguvu zake tangu mwanzo. Huenda afya ndiyo iliyoleta mbwa, wala si mbwa aliyeleta afya. Watafiti wenyewe wanalikiri hilo. Na mbwa wao analala kwenye kochi.

Utafiti ulionichekesha ni wa Wajapani, wa mwaka 2015. Waligundua kwamba mtu na mbwa wake wakitazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Oksitosini! Dawa niliyowachoma akina mama pajani, mtoto akishatoka tu, ili tumbo la uzazi likaze na damu ikatike. Mikono yangu imechoma oksitosini nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sasa naambiwa naweza kuipata bure, kwa kukaa uani na kutazamana na mbwa mwenye sikio moja na nusu. Nilimtazama Behewa siku hiyo kwa makusudi kabisa. Akapiga miayo.

Presha yangu, kwa wanaotaka namba, ilikuwa 168 juu ya 98. Baada ya miezi minane ilikuwa 142 juu ya 84. Daktari alinibadilishia na kidonge kimoja hapo katikati, kwa hiyo sitamvika Behewa taji peke yake. Lakini kuna jambo ambalo daktari hakuliandika na mimi nalijua: zamani nilikuwa nasahau vidonge. Nesi mzima, nasahau. Ukistaafu na ukafiwa, saa zote zinafanana. Hujui kama ni Jumanne, hujui kama umekunywa chai. Behewa anakula saa kumi na mbili kasoro asubuhi na saa kumi na moja jioni, na ukichelewa anakuja kusimama mlangoni, habweki, anasimama tu mpaka uone aibu. Nikaweka vidonge vyangu kwenye kopo juu ya mfuko wa dona wake. Sijasahau tena.

Chakula chake si kile cha mbwa cha dukani. Dona, dagaa wale wadogo waliovunjikavunjika, mabaki ya mboga. Vitunguu namtolea, maana vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa simpi kabisa kwa sababu inachanika vipande vikali vinavyochoma utumbo. Kupe nawatoa kila jioni, na ni kazi nzuri kwa vidole vyenye baridi yabisi. Chanjo yake ya mwaka ni pungufu ya bei ya jogoo wa kienyeji.

Hasara? Nilianguka. Wiki za mwanzo nilikuwa nimezungushia kamba mkononi, akaona paka, nikajikuta chini ya mwembe na kifundo cha mkono kimevimba. Watoto walinicheka kwanza, ndipo wakaninyanyua. Sasa kamba naishika tu, siizungushi, na mkono mwingine una fimbo. Mzee mwenye mifupa dhaifu asichukue mbwa mwenye nguvu za ng'ombe. Na kusafiri kwenda Kigoma kumwona binti siwezi tena bila kupanga wiki mbili kabla nani atapika dona.

Mwaka 2022 lilipita gari la matangazo mtaani: mbwa wote wanaozurura wataondolewa. Kila mtu anajua neno "kuondolewa" maana yake. Nilimshonea Behewa mkanda mwekundu wa shingoni kutokana na kitambaa cha pazia, nikamfungia ndani siku tano. Wenzake wa stesheni sikuwaona tena. Sisemi mbwa wazururao hawana madhara, mimi niliyemwona mtoto akiogopa kikombe. Nasema hivi: ukiua mbwa leo, mwezi ujao mtaa unajaa wengine wasiochanjwa, na kichaa kinaendelea. Kinachokata mnyororo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka hadi mwaka.

Na hapo ndipo kazi yangu mpya ilipotokea. Watoto waliokatazwa kumgusa Behewa walikuwa wanakuja kumtazama kwa mbali, kwenye ukingo wa baraza. Nikaanza kuwafundisha pale pale. Usimguse mbwa anayekula. Usimkimbie. Akikung'ata, hata kama ni wa nyumbani, hata kama ni mkwaruzo, bomba, sabuni, dakika 15, halafu hospitali, na yule mbwa asiuawe, afungwe atazamwe siku kumi. Walikariri wakafanya wimbo, wanaruka kamba nao. Wakanipa na jina, Bibi Nesi wa Mbwa.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ndiyo tarehe aliyofariki Pasteur, mwaka 1895. Mwaka juzi, bwana mifugo alipoleta chanjo karibu na siku hiyo, aliniomba nimsaidie kuandika kadi. Mahali penyewe ni uwanja wa vumbi chini ya mwembe. Nilidhani watakuja kumi. Ilipofika saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imepinda kona: watoto wa miaka minane, kumi, kila mmoja na mbwa kwenye kamba ya katani, kwenye mkanda wa suruali, mmoja kambeba wake kwenye ndoo. Mbwa wanabwekeana, watoto wanatukanana, bwana mifugo anachoma. Mimi nina meza, kalamu na gauni langu la zamani jeupe ambalo halifungi tena kiunoni.

"Jina la mbwa?"

"Simba." Simba walikuwa kumi na tisa.

"Jina la mbwa?"

"Watajiju."

"Wa kwenu ni nani, mwanangu?" Akanitajia nyumba. Nikakumbuka ugomvi wao wa mpaka wa kiwanja na jirani, nikaandika Watajiju kwenye kadi bila kuuliza zaidi. Alikuwepo pia Majirani, na Siri, na mmoja anayeitwa Mkopo.

Karibu na mwisho akaja mtoto wa miaka kama saba, ana kitoto cha mbwa kifuani, kimefunikwa kanga ya mama yake. Kitoto kilikuwa hakijafikisha hata miezi miwili; bwana mifugo akasema akikuze kwanza, akilete kikifika miezi mitatu. Mtoto akaanza kulia, maana ametoka mbali, Ng'ambo, kwa miguu. Nikamwandikia kadi hivyohivyo, nikaacha nafasi ya tarehe wazi. Kisha nikamwuliza kama ana kiu. Akasema ndiyo. Akanywa kikombe chote, akaomba kingine, akanywa nacho.

Desemba, embe zilipoiva, alirudi na kitoto kimekua.

Behewa sasa ana miaka tisa au kumi. Mdomo umekuwa mweupe. Mimi nina 68. Kwenye daftari la kliniki, ukurasa wa nyuma, nimeandika nani atamchukua nikitangulia: mjukuu wangu wa kiume aliye hapa Tabora, amekubali mbele ya mama yake. Nimeandika pia kiasi cha dona, siku ya chanjo, na kwamba hapendi ngurumo za radi, akae karibu na mtu. Mjukuu akaniuliza, na ikiwa ni yeye atakayetangulia, bibi? Nikamwambia hilo halihitaji kuandikwa.

Nilikuwa nataka kueleza na mambo ya meno yake, lakini ni saa kumi na mbili kasoro na yuko mlangoni, amesimama. Treni ya Kigoma imeshapiga honi huko mbele. Yeye huinua lile sikio zima kila inapolia. Nameza kidonge, namkorogea dona, tunatoka. Mama wa maandazi ataniuliza Behewa kaamkaje.